Glezi inatoka vitundu, vipara na nyufu kwenye tanuri la umeme la nyumbani: wadau wa ufinyanzi naomba msaada

#1 Vikombe_na_Sahani

Habari za jioni wadau. Naweka taarifa zote mwanzoni ili msihangaike kuniuliza.

Tanuri ni la umeme, lita 80, mlango wa mbele, koili 3 (chini, katikati, juu). Kibao chake kinasema volti 240, kilowati 4.8. Themokapo (kipima joto) ni aina ya K, imetokeza ukuta wa nyuma, katikati. Liko banda la uani, Dar, kama mita 40 za waya kutoka kwenye mita ya LUKU.

Udongo ni mweupe wa paketi, wa koni 6 (koni ni vijiti vya kupimia uivaji vinavyoinama motoni). Uchomaji wa kwanza unaishia nyuzi 1000. Uchomaji wa glezi (kioo kinachofunika chombo) ni nyuzi 150 kwa saa mpaka 1222, kushikilia dakika 10, kisha kuzima.

Glezi angavu, unga wa madini kwa sehemu: felispa 20, friti 3134 (kioo cha boroni kilichosagwa) 20, wolastonaiti 20, kaolini (udongo mweupe) 20, silika 20. Nyeupe ni hiyo hiyo nikiongeza silikati ya zirkoni 12.

Matatizo:
- Rafu ya chini inatoka butu, ukipitisha kidole inakwaruza. Ya juu inang'aa.
- Vitundu vya sindano kwenye vikombe, hasa upande wa nje.
- Ndani ya vikombe, pale kitako kinapokutana na ukuta, glezi nyeupe inarudi nyuma na kuacha vipara.
- Sahani zinatoka nzima, siku nne au tano baadaye zina nyufu za unywele kama utando wa buibui.
- Sahani moja ya sentimita 32 imepasuka vipande viwili.
- Uchomaji uliokuwa unachukua saa 9 sasa unafika saa 13, na mara nyingine kidhibiti kinakata kwenye 1190.

Nimefikiria kubadili mapishi ya glezi. Naanzia wapi?

#2 Moto_Polepole

Mkuu, usiguse mapishi. Kwanza tujue tanuri linafika wapi hasa.

1222 kwenye kioo cha kidhibiti si koni 6. Ni joto la ncha ya themokapo, mahali ilipo, dakika ile. Udongo na glezi vinaiva kwa joto na muda kwa pamoja, kama maharage: kuchemka peke yake hakutoshi, lazima yakae motoni. Koni 6 kubwa ya chapa ya Orton inalala kwenye 1222 ikiwa nyuzi 100 za mwisho zimepanda kwa kasi ya 60 kwa saa. Ukipanda kwa 150 kwa saa, koni ileile inasubiri mpaka 1243 hivi. Kwa ratiba uliyoandika, hata tanuri likiwa zima kabisa unachoma pungufu.

Nunua koni 5, 6 na 7. Tengeneza kijiti cha udongo, kitoboetoboe kwa uma ili mvuke utoke, zisimamishe tatu kwa mstari zikiegemea upande mmoja kidogo, nyuzi 8 kutoka wima. Weka seti moja kila rafu, angalau sentimita 5 kutoka kwenye koili. Ukifungua, unataka kuona 5 imelala kabisa, 6 ncha imefika usawa wa kitako chake, 7 ndiyo kwanza imeanza kuinamisha kichwa. Zote tatu zikiwa zimesimama wima chini na zimelala juu, umepata jibu la tatizo la kwanza bila kubadili gramu moja ya glezi.

Bila koni kila rafu tutabaki kubahatisha hapa kurasa kumi.

#3 FundiKoili

Saa 9 kuwa 13 ni ugonjwa wa umeme. Kuna mambo matatu ya kupima, kwa mpangilio huu.

Kwanza, volti kwenye tanuri LIKIWA LINAWAKA koili zote. Volti ya tanuri likiwa limezimwa haina maana. Nguvu inashuka kwa mraba wa volti: tanuri la kilowati 4.8 kwenye 240, likipata volti 210 linabaki na kilowati 3.7 tu. Pima sehemu mbili, kwenye mita na kwenye tanuri, ujue volti inapotelea wapi.

Pili, ampea kwa mita ya kubana waya. Lako likiwa jipya ni 4800 gawa kwa 240, yaani ampea 20. Koili 3 sambamba maana yake kila moja omu 36. Ukikuta ampea 13 hivi, koili moja imekata.

Tatu, ukinzani wa kila koili. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kuwa hakuna umeme, tanuri liwe baridi, chomoa ncha moja ya kila koili halafu pima. Koili ikizeeka ukinzani unapanda. Ikizidi asilimia 10 juu ya thamani yake ya mwanzo, ibadilishe, hata kama bado inawaka nyekundu. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo.

Kipimo cha kwanza na cha pili ni kazi kwenye umeme hai. Kama huna mazoea, mwite fundi umeme mwenye leseni, usijaribu.

Angalia pia viunganishi nyuma ya tanuri. Skrubu iliyolegea inachoma waya na kuugeuza mweusi, mpira wake unakauka kama ganda la yai. Na naomba sana, tanuri la ampea 20 lisichomekwe kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13. Linataka njia yake peke yake kutoka kwenye bodi.

#4 Mama_Vyungu

Hapo kwenye vipara. Swali moja tu mwanangu: mililita 100 za glezi yako zina gramu ngapi?

#5 Vikombe_na_Sahani

Shikamoo mama. Sijawahi kupima kwa njia hiyo, huwa naangalia kama imekuwa kama maziwa ya mgando. Nitapima kesho. FundiKoili, fundi anakuja Jumamosi. Koni nimeagiza.

#6 Mama_Vyungu

Marahaba. Maziwa ya mgando ni mazito mno kwa kuchovya.

Chukua bomba la sindano kubwa au chupa iliyopimwa, iweke kwenye mizani, irudishe sifuri, jaza glezi mililita 100 kamili baada ya kukoroga vizuri. Kwa kuchovya vikombe vilivyochomwa mara ya kwanza, tafuta gramu 143 mpaka 147. Chovya sekunde 3, toa, kung'uta. Ikikauka, ikwangue kwa sindano mahali pa siri: unene uwe kama kadi ya posta, si kama kadibodi.

Kipara kinaanza kabla ya moto. Tazama glezi ikiwa imekauka tu, kabla haijaingia tanurini, ukiinamisha kikombe kwenye mwanga wa dirisha. Pale kwenye kona ya kitako utaona ufa mwembamba kama mstari wa penseli, na ukigusa pembeni yake glezi inasikika tupu, imeinuka kutoka kwenye udongo. Glezi inajikusanya kwenye kona, inakuwa nene mara mbili ya ukutani, inakauka, inasinyaa na kupasuka. Ikiyeyuka, kila upande wa ufa unavutwa kwake na katikati panabaki uchi. Glezi angavu nyepesi inaweza kutiririka na kuziba. Ya zirkoni ni nzito ikiyeyuka, haitembei, kwa hiyo ufa unabaki kipara. Ndiyo maana tatizo liko kwenye nyeupe peke yake.

Ukiuona huo ufa, usiupake glezi nyingine juu. Usugue kwa kidole kikavu mpaka vumbi la glezi liujaze, basi. Ukiwa mkubwa, osha kikombe chote, kikaushe usiku mzima, anza upya.

Sababu nyingine za vipara ni vumbi na mafuta ya mikono. Futa kila chombo kwa sifongo yenye unyevu kabla ya kuchovya, na usikishike baada ya kupaka losheni. Kingine ni kuingiza chombo kibichi tanurini: glezi ikiwa bado na maji ikapandishiwa moto haraka, mvuke unaiinua.

#7 Udongo_wa_Bondeni

Naongezea kwa mama. Kaolini mbichi ndiyo inayosinyaa kwenye glezi. Ikiwa bado inapasuka hata baada ya kupunguza uzito, oka nusu ya kaolini kwenye bakuli ndani ya uchomaji wa kwanza. Inapoteza maji yaliyofungwa ndani yake, karibu asilimia 13 ya uzito. Kwa hiyo kati ya zile sehemu 20, tumia mbichi 10 na iliyookwa 8.7. Usioke yote, maana mbichi ndiyo inayozuia glezi isizame chini ya ndoo na kuganda kama saruji.

Kwa wanaotumia kaolini ya Pugu: ikiwa haijaoshwa ina mchanga wa kwazi (silika) ndani yake. Iloweke, koroga, acha dakika moja mchanga ukae chini, mimina uji wa juu kwenye ndoo nyingine, pitisha kwenye chekeche laini, acha utulie, kausha. Ukiitumia hivyo hivyo, hesabu yako ya silika inavurugika na glezi inakuwa na chembe.

#8 Vikombe_na_Sahani

Nimerudi na vipimo.

Glezi nyeupe: mililita 100 = gramu 158. Angavu = gramu 151.

Umeme: tanuri likiwa limezimwa, volti 238. Likiwaka, volti 231 kwenye mita, volti 214 kwenye tanuri. Ampea 17.1. Koili ya juu omu 36, katikati 36, chini 41. Waya uliolazwa kwenda bandani ni wa milimita za mraba 1.5.

Koni (uchomaji wa jana, glezi angavu tu): rafu ya juu 5 imelala, 6 imeinama nusu, 7 wima. Rafu ya chini 5 imeinama kidogo sana, 6 na 7 wima kabisa.

#9 FundiKoili

Usiwashe tena tanuri mpaka huo waya utolewe. Nasema hivi kwa moyo wote.

Waya wa 1.5 una ukinzani wa milioomu 12.1 kwa mita. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni karibu omu 0.97. Zidisha kwa ampea 17.1, unapata volti 16.6, na ndizo hizo 17 zinazopotea kati ya mita na tanuri. Wati karibu 280 zinageuka joto ndani ya waya, kwa saa 13 mfululizo, pengine ukiwa ndani ya bomba la plastiki juu ya dari. Nyumba zinaungua hivyo.

Lako sasa linapata volti 214 na ampea 17.1, yaani kilowati 3.66 badala ya 4.8. Ndiyo sababu halifiki.

Dawa: waya wa milimita za mraba 6, njia ya peke yake, breka ya ampea 32, kinga ya kuvuja umeme, na mwili wa chuma wa tanuri uungwe kwenye ethi (waya wa ardhini). Upotevu wa volti utashuka mpaka 4 au 5. Halafu badilisha koili ya chini. Omu 41 dhidi ya 36 ni asilimia 14, imechoka. Za juu na katikati bado nzima. Ukiagiza, taja omu, urefu wa sehemu iliyosokotwa, kipenyo cha nje na unene wa waya. Ukiambiwa waya ni Kanthal A-1 ndio unaofaa kwa joto hili. Usikubali waya wa nikromu wa majiko, huo utakufa haraka kwenye 1222.

Ukifunga koili mpya, choma tanuri tupu mpaka 1050 hivi, matundu ya hewa yakiwa wazi. Koili inajivika ngozi ya alumina inayoilinda. Baada ya hapo usiikunje ikiwa baridi, itakatika kama kijiti.

Ukishatengeneza yote hayo utapata kilowati 4.2 au 4.3. Mtandao wenyewe unakupa 231, hilo halimo mikononi mwako, lakini kwa lita 80 zinatosha.

#10 Moto_Polepole

Asante kwa koni mkuu, sasa tunaongea kitu kinachoonekana. Chini uko karibu na koni 5 wakati juu unakaribia 6. Koni nzima ya tofauti ndani ya sentimita 40. Koili ya chini ndiyo mkosaji mkubwa, ila hata ikiwa mpya sakafu ya tanuri huwa baridi. Rafu ya kwanza inyanyue kwa nguzo za sentimita 2 mpaka 3 kutoka sakafuni, chini yake ipite hewa. Usijaze rafu ya chini kwa vitu vizito vilivyobanana huku juu ukiweka vikombe viwili, fanya kinyume.

Kagua themokapo pia. Ncha itokeze sentimita 2 hadi 3 ndani ya ukuta. Aina ya K inachoka kwenye joto la koni 6, inaanza kusema uongo. Na kama fundi aliwahi kuirefusha kwa waya wa kawaida wa shaba, kidhibiti kinasoma vibaya. Inarefushwa kwa waya wa aina ya K peke yake, chanya kwa chanya.

#11 Mama_Vyungu

Gramu 158. Ndiyo hiyo.

Kushuka kutoka 158 mpaka 145 unahitaji kuongeza maji kama lita 0.29 kwa kila lita ya glezi uliyonayo. Ndoo ya lita 5 inataka lita 1.4. Anza na lita moja, koroga, pima, kisha endelea kidogo kidogo, maana kuongeza ni rahisi na kupunguza kunataka siku mbili za kusubiri itulie.

Ikishafika 145 utaona inachuruzika kama maji na haishiki. Yeyusha gramu moja ya chumvi ya epsom kwa kila lita ya glezi kwenye maji ya moto kidogo, mimina huku unakoroga, subiri robo saa. Itarudi kuwa kama krimu bila kuongeza unene unaobaki kwenye chombo. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea: wanaona inachuruzika, wanaongeza unga.

#12 Kauri_Safi

Kuhusu nyufu za unywele, naomba tuwe makini, hivi ni vyombo vya kulia.

Nyufu zinatokea glezi ikisinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa. Inabaki imevutwa kama ngozi ya ngoma, mwisho inaachia. Zikitokea siku ileile, glezi yenyewe haipatani na udongo. Zikitokea siku nne baadaye, shuku udongo haujaiva: unanyonya unyevu wa hewa, unavimba kidogo sana, glezi haivimbi, inapasuka. Kwa unyevu wa Dar hilo linakuja haraka.

Pima. Chukua kipande cha udongo kisicho na glezi kilichochomwa rafu ya chini, na kingine cha rafu ya juu. Kausha kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa 2, pima kwa mizani ya gramu 0.1. Chemsha saa 5, acha vipoe ndani ya maji, futa kwa kitambaa chenye unyevu, pima tena. Gramu 100.0 zikiwa 103.8, unyonyaji ni asilimia 3.8. Kwa vyombo vya mezani vya koni 6 nataka chini ya 1.5. Kikombe kinachonyonya kinapata moto kwenye maikrowevu na kinatoa maji kitakoni.

Ikiwa rafu ya juu unyonyaji uko chini na bado nyufu zipo, ndipo unagusa mapishi. Zinazoleta nyufu ni sodiamu na potasiamu, ziko ndani ya felispa na friti. Silika inapunguza. Tengeneza gramu 100 tatu: moja ilivyo, moja ongeza silika 5, moja ongeza silika 10. Chovya vigae, choma rafu moja, kisha vichemshe dakika 3 na kuvitosa kwenye maji ya barafu, mara tatu. Paka wino wa kalamu, futa. Nyufu zitajichora zenyewe. Chagua yenye silika ndogo kabisa isiyopasuka.

Usizidishe kwa kujihami. Silika ikizidi mambo yanageuka: glezi inabanwa na kumenyeka kwenye midomo ya vikombe na mikono, vigamba vyenye makali kama wembe. Nyufu ni kasoro, lakini kigamba cha kioo kwenye uji wa mtoto ni hatari. Ukiona kumenyeka hata sehemu moja, tupa mzigo wote.

#13 Chungu_cha_Kilwa

Nadandia. Friti ni ghali na haipatikani kirahisi. Je, chupa za soda zilizosagwa zinaweza kuchukua nafasi yake? Na magadi?

#14 Kauri_Safi

Zinayeyuka, ndiyo. Kioo cha chupa ni silika karibu asilimia 72, sodiamu 13 mpaka 14, chokaa 10 hivi. Angalia hiyo sodiamu: ni nyufu tupu. Halafu haina boroni, ambayo ndiyo kazi kubwa ya friti 3134. Kwa vyungu vya maua na mapambo tumia, kioo 60, felispa 15, kaolini 25 ni mahali pa kuanzia majaribio, saga mpaka ipite chekeche ya tundu 100 kwa inchi. Saga ukiwa na maji, kamwe si kikavu. Kwa sahani za chakula mimi siishauri.

Magadi yanayeyuka kwenye maji. Ukiyaweka kwenye ndoo ya glezi yanaingia ndani ya chombo na maji, yanakauka na kujikusanya kwenye kingo na kona, kule yanayeyuka kupita kiasi na kwingine glezi inabaki kavu. Kazi yake nzuri ni kulainisha uji wa udongo wa kumimina kwenye kalibu, gramu 1 hadi 2 kwa kilo ya udongo mkavu.

Na risasi ya betri kuukuu ya gari isiingie kwenye glezi wala kwenye banda. Inayeyusha glezi kwa joto dogo, ndiyo, na inatoka kwenye sahani kuingia kwenye achari na ndimu, kisha kwenye damu ya watoto.

#15 Chungu_cha_Kilwa

Nimekuelewa. Nyingine: udongo mwekundu wa kuchimba huku pwani, vyungu vinatoka vizima, baada ya wiki vinaruka vigamba vidogo vya mviringo.

#16 Udongo_wa_Bondeni

Tazama chini ya shimo la kila kigamba. Utakuta nukta nyeupe, saizi ya punje ya mtama au ndogo zaidi. Ni chokaa: kipande cha tumbawe au gamba la konokono. Ikipita nyuzi 850 hivi inageuka chokaa hai, ikikaa na unyevu inavimba na kurusha udongo uliopo juu yake. Udongo wa pwani una hayo mengi.

Dondoshea siki kali au maji ya ndimu kwenye donge kavu la udongo. Ukisikia inachacha na kutoa mapovu, ndiyo yenyewe. Loweka udongo uwe uji mwepesi, pitisha chekeche ya tundu 60 kwa inchi, usikubali ya 30. Vilivyokwisha kuchomwa, vitose kwenye maji mengi vikiwa bado na uvuguvugu wa tanuri, viache siku nzima. Vingi vitapona, si vyote.

#17 Vikombe_na_Sahani

Waya umewekwa, koili ya chini mpya. Kabla sijachoma: vitundu vya sindano na ile sahani iliyopasuka bado sijaelewa.

#18 Moto_Polepole

Sahani kwanza. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ufa. Glezi ikiwa na makali kama chupa iliyovunjika, ilipasuka wakati wa kupoa, glezi ikiwa imeshaganda. Ukingo wa glezi ukiwa wa mviringo, laini, imejikunja kuingia ufani, ilipasuka wakati wa kupanda, kabla glezi haijayeyuka.

#19 Vikombe_na_Sahani

Inakata. Makali kabisa. Na nilifungua mlango kidogo kwenye 240.

#20 Moto_Polepole

Basi umeshajua. Kwazi inabadili umbo ghafla kwenye 573, na kristobalaiti (aina nyingine ya silika), kama ipo kwenye udongo wako, kwenye 226 hivi. Ulipofungua kwa 240, ukingo wa sahani ulipata upepo huku katikati ikiwa imelalia rafu ya moto. Mlango usiguswe mpaka chini ya 100, kwa sahani pana subiri 60. Sahani pana iwekwe rafu ya katikati na si ya chini, na kitako chake kikae juu ya vipande vidogo vya rafu kuukuu vyenye unene sawa, hewa ipite chini.

Vitundu. Udongo bado unatoa gesi wakati glezi imeshafunga mlango. Gesi inatoboa, glezi haina muda wa kujiziba. Tiba ina pande mbili.

Uchomaji wa kwanza, tundu la hewa wazi mpaka mwisho:
- 60 kwa saa mpaka 90, shikilia saa 4. Masika saa 8
- 80 kwa saa mpaka 650
- 110 kwa saa mpaka 900, shikilia dakika 30
- 60 kwa saa mpaka koni 04 ilale, takriban 1063

Wewe uliishia 1000, hiyo ni koni 06, chini ya 04, maana zenye sifuri mbele zinahesabiwa kinyume. Kaboni na salfa zinahitaji muda na hewa kati ya 700 na 900. Vyombo visibebane kifudifudi na kufungiana hewa. Ukivunja kimoja na kukuta kiini cheusi katikati ya ukuta, ulikimbia.

Uchomaji wa glezi:
- 100 kwa saa mpaka 120, shikilia dakika 30
- 150 kwa saa mpaka 1110
- 60 kwa saa mpaka 1215, shikilia dakika 10
- acha ishuke yenyewe mpaka 1150, shikilia dakika 30
- zima

Hapo kwenye 1150 glezi bado ni laini lakini imekuwa nzito, mapovu hayachemki tena na vitundu vinajifunika. Kukaa muda mrefu kule juu kabisa kunafanya kinyume: udongo unaendelea kutoa gesi na unapata malengelenge. 1215 si amri. Koni ikionyesha pungufu, panda 5. Ikizidi, shuka 5. Badili kitu kimoja kwa kila uchomaji na ukiandike kwenye daftari.

#21 Kauri_Safi

Barakoa ya N95 wakati wa kupima unga, kila mara. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, usifagie vumbi kavu. Vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki. Na tanuri likae sentimita 45 kutoka ukutani, banda liwe na madirisha mawili yanayotazamana.

#22 Chungu_cha_Kilwa

Umeme ukikatika katikati ya uchomaji?

#23 FundiKoili

Zima swichi kwenye bodi, umeme ukirudi huwa unaanza na kishindo cha volti kinachoua rilei na kidhibiti. Funga matundu yote ya hewa, usifungue mlango. Ukirudi baada ya robo saa, usiache kidhibiti kianze programu toka mwanzo: anza upya kutoka kwenye joto lililopo, 80 kwa saa kama iko chini ya 600, na 150 kama iko juu. Kwenye glezi, ikikatika juu ya 1150 na tanuri limepoa kabisa, tazama koni kabla ya kuamua; huenda zimeshaiva.

 

#24 Vikombe_na_Sahani

Matokeo. Volti kwenye tanuri 226, ampea 18.8, saa 10 na dakika 40 pamoja na kule kushikilia 1150. Koni rafu ya juu: 6 imelala, 7 imeinama robo. Chini: 6 ncha imegusa, 7 wima. Unyonyaji wa kipande cha rafu ya chini ni 1.2; cha uchomaji ule wa mwanzo nilikipima, kilikuwa 3.6. Glezi nyeupe kwa 145 na chumvi ya epsom, vikombe 14, hakuna kipara. Vitundu vimebaki kwenye vikombe viwili tu, vyote vilichomwa mara ya kwanza kwa ratiba ya zamani. Glezi angavu imetiririka kwenye kikombe kimoja na kugandamana na rafu.

#25 Mama_Vyungu

Hongera sana mwanangu. Nyufu usizitangaze zimekwisha mpaka wiki tatu zipite na umefanya ile ya maji ya moto na barafu.

Rafu: kwangua glezi kwa patasi ukiwa na miwani, kisha paka kaolini nusu na alumina ya haidrati nusu, nzito kama maziwa, mikono miwili myembamba, kausha. Usipake ukingoni, hubanduka na kudondokea vyombo vya chini. Na kitako cha kila kikombe kifutwe glezi milimita 3, cha angavu milimita 5, kwa sababu sasa tanuri lako linaivisha kweli na ile glezi itatembea zaidi ya ulivyozoea.